BANKI INATOA WAPI FEZA YA KUKOPESHA?



Munajua wote jambo lililofika kantini mbele ya likizo ya Pasaka. Tangu siku ile wadogo wa mwaka wa kwanza wananiita «Banki Santrali», na nikipita katika uwanja hakukosi mutu wa kuuliza kama mukate iko. Bwana Prefe alikamata funguo ya kese, kiisha akaniambia: «Wewe ni mutoto wa Komersiale. Usiniletee maneno mengi. Andika katika gazeti yetu ni kitu gani ulifanya, wote wajifunze.» Basi naandika. Si kwa kujitetea, maana kosa ni yangu. Lakini katika kutafuta namna ya kueleza kosa ile, niliona kwamba banki kubwa za dunia zinafanya karibu kazi ile ile kila siku, na hakuna mutu anayezinyanganya funguo.

Kwanza mambo ya boni, kwa wale ambao hawakuifuata vizuri.

Kantini inauzisha mukate franka 500. Kwa sababu feza ya kurudisha ilikosa kila asubui, tulianza kuuzisha boni: kipande cha karatasi, kashe ya masomo, sahihi yangu. Unatoa franka 500, unapata boni. Siku utakayotaka unaleta boni, unapata mukate. Ile franka 500 inangojea mu kese mupaka boni irudi, ndipo muoka mikate analipwa. Hapo hakuna shida yo yote. Mwezi wa pili kulikuwa boni 200 katika mikono ya watu, na mu kese mulikuwa franka 100,000. Boni moja, mukate moja.

Lakini niliona jambo. Kwa siku zilirudi boni 20 ao 25 tu, na zile niliziuzisha tena asubui ya kufuata. Zingine zilitembea. Wavulana walilipana nazo: boni moja kwa kunyoa kichwa, boni mbili kwa kunakili somo ya kemia, boni tatu kwa kaye mupya. Katika internati boni ilikuwa imegeuka feza. Ndipo wale ambao feza za wazazi zilichelewa walianza kunifuata: «Doyeni, utuandikie boni, tutalipa feza zikifika.» Niliandika. Juma ya kwanza 10, kiisha 30, mwisho zikafika 150. Katika kaye yangu niliweka jina ya kila mutu na deni yake.

Mujiulize sasa: zile boni 150 nilizitoa wapi?

Sikuzitoa kwa mutu. Waliolipa feza walikuwa bado na boni zao 200 mufukoni, hakuna aliyepungukiwa hata moja. Katika kese hamukutoka franka hata moja. Boni 150 zilizaliwa na kalamu yangu, na saa ile ile deni 150 zilizaliwa katika kaye. Upande moja: feza 100,000 mu kese pamoja na deni za watu 75,000. Upande mwingine: boni 350, ni kusema ahadi ya franka 175,000. Hesabu inasimama sawasawa, Mwalimu wetu wa kontabilite hangeweka alama nyekundu. Na kazi ilitembea vizuri. Mutu aliyekosa feza alinyoa kichwa, munyozi alinunua kaye, mwenye kaye alikula mukate. Mimi mwenyewe nilijiona mutu wa akili sana.

Siku ya Alhamisi, juma ya mwisho, habari ikatembea kwamba kantini itafungwa na kwamba boni zitakufa na likizo. Haikuwa kweli. Lakini saa kumi na moja ya mangaribi boni 312 zilikuwa mbele ya dirisha. Kese iliweza kulipa mikate 200. Muoka mikate hakutaka boni, wala hakutaka kusoma majina katika kaye yangu, alitaka feza. Wenye deni hawakuwa na kitu, njia ilikuwa imekatika kwa mvua na feza za wazazi hazikufika. Watu 112 walirudi bure, na jambo linaloniuma ni hili: wengi kati yao walikuwa wamelipa feza ya kweli. Wadogo wa mwaka wa kwanza wana miguu mifupi, ndio walifika nyuma. Waliokula ile mangaribi, wamoja wao walikuwa wale wale niliowaandikia bule.

Sasa tuingie katika banki.

Mwaka jana katika enterogasio ya ekonomia niliandika hivi: banki inapokea feza za wenye kuweka akiba, kiisha inazikopesha kwa wenye kuhitaji. Nilipata 8 juu ya 10. Leo nasema ile jibu ilistahili 4. Maana ile niliyoandika si banki, ni likelemba. Mama zetu wanaijua vizuri: wanawake kumi, kila mutu dola 20 kwa mwezi, mumoja anabeba 200. Kinachoingia katika kikapo njo kinachotoka. Siku mama anabeba 200, wengine tisa hawana tena zile 20 zao mukononi. Hakuna feza mupya iliyozaliwa.

Banki haiko kikapo. Banki ni kaye.

Mama mumoja wa sokoni anaomba mukopo wa dola 1,000 ya kununua unga na sukari. Banki inakubali. Karani anafanya nini? Hatembei kwenda kwa konti ya Mwalimu fulani ao ya Pasta fulani kukata pale. Anaandika mara mbili tu. Upande wa mali ya banki: tunamudai Mama 1,000. Upande wa deni za banki: katika konti yake Mama anatudai 1,000. Kwisha. Mwalimu anaona konti yake sawa vile ilivyokuwa jana, Pasta vilevile, na Mama ana dola 1,000 ambazo asubui hazikuwako mahali po pote. Atalipa nazo muuzishaji wa jumla, na yule atazipokea kama feza, kwa sababu ni feza. Kwa kila mwisho wa mwezi, Mama akirudisha 100, banki inafuta 100 katika deni yake na 100 katika konti yake. Ile feza haiendi kulala katika sanduku. Inakufa. Feza ya banki inazaliwa na mukopo na inakufa na malipo, sawasawa na boni: mukopaji wangu akinirudishia boni, ninapasua boni na kufuta jina.

Kuna wengine watasema huyu mutoto ametunga. Mwaka 2014 Banki ya Uingereza yenyewe, ni kusema banki santrali ya Londres, iliandika wazi katika gazeti yake ya kila miezi mitatu kwamba mambo inafanyika hivyo: mukopo unazaa feza katika konti, si feza za konti ndizo zinazaa mukopo. Na ikatoa hesabu ya inchi yake: kwa kila pauni 100 ambazo watu na makampuni wanazo, karibu 97 ni maandiko katika konti za banki. Noti na vyuma ni zile zinazobaki. Kwetu Kongo si hivyo, watu wengi hawana konti na noti zingali na nguvu. Lakini njia ya kuzaa ni moja.

Vitabu vyetu vya masomo vinaeleza kwa njia nyingine. Vinasema: weka 1,000, banki inachunga 10 kwa mia na kukopesha 900, ile 900 inarudi katika banki ingine, nayo inakopesha 810, na kuendelea hivi mupaka 1,000 ya kwanza imezaa 10,000. Hesabu yenyewe si ya uongo, na katika Egzamen d'Eta mujibu sawa kitabu kinavyosema, nisije nikaitwa tena ofisini. Lakini mufulizo wake umegeuka. Katika kazi ya kweli banki inaangalia kwanza kama mukopaji atalipa na kama faida ni nzuri, inaandika mukopo, kiisha ndipo inatafuta feza ya kuchunga. Marekani waliondoa kabisa ile sheria ya kuchunga sehemu ya kila konti katika mwezi wa tatu wa mwaka 2020, wakaiweka kwenye 0 kwa mia. Kama kitabu kingekuwa na haki, siku ile banki zao zingeandika feza bila mwisho. Hazikufanya hivyo.

Basi hapa kalasi yote inainua mukono: kama ni kuandika tu, juu ya nini banki haiandike milioni kwa kila mutu?

Mujibu wa kwanza ni ule wa muoka mikate. Mama akilipa muuzishaji wa jumla ambaye konti yake iko katika banki ingine, ile banki ya pili haitaki kaye ya banki ya kwanza. Inataka kulipwa feza ya Banki Santrali, ile ambayo banki zote zinakubali kati yao. Vilevile Mama akija dirishani na kusema «nipe noti», noti haziandikwe na karani, lazima zikuwe mu kese. Kila mukopo banki inaouandika unaweza kesho kuwa safu ya watu dirishani, ao karatasi ya banki ingine inayoomba kulipwa.

Wa pili ni mukopaji asiyelipa. Tuseme kati ya mikopo ya 100,000, 10,000 zimekufa. Upande wa mali umepungua 10,000, lakini upande wa deni haukupungua, wenye konti wanadai zao zote. Ile shimo inajazwa na mali ya wenye banki wenyewe, kapitali yao. Kapitali ikiisha, banki imekufa, hata kama mulango ungali wazi na askari anasimama pale na kofia. Mimi sikuwa na kapitali hata franka moja. Hapo njo nilipokosea kabisa, zaidi kuliko hesabu ya boni. Niliandika ahadi ambazo, watu wasipolipa, hakuna mutu wa kubeba hasara isipokuwa wadogo wenye kushika boni.

Wa tatu ni Banki Santrali, ambayo inapanga bei ya feza inayokopesha kwa banki na sheria za kapitali; bei ikipanda, mikopo inapunguka. Na wa ine, watu wanasahau, ni mukopaji mwenyewe: pasipo mutu wa kuomba, hakuna mukopo wa kuandika.

Kwetu kuna kitu tena cha kuongeza, ambacho Londres hawana. Sehemu kubwa sana ya konti katika banki za Kongo ni za dola. Banki ya Kinshasa inaweza kuandika dola katika konti ya Mama, kwa njia ile ile, mara mbili katika kaye. Lakini banki ikipungukiwa na noti za dola, hata Banki Santrali ya Kongo haiwezi kuzipiga. Dola zinapigwa Marekani. Ndiyo maana banki za kwetu zinashika kamba fupi zaidi. Watu wanasema ni roho mbaya. Kwa sehemu ingine ni woga wa ile dirisha.

Ule woga si wa leo. Katika muji wa Stockholm, inchi ya Swede, mutu jina lake Johan Palmstruch alikuwa na banki, na mwaka 1661 akaanza kutoa karatasi za ahadi, noti za kwanza za banki katika Ulaya. Zilipendwa sana kwa sababu feza ya Swede ya wakati ule ilikuwa mabamba ya shaba, mazito ya kubebwa na punda. Akaandika karatasi kupita kipimo, akakopesha nazo. Mwaka 1664 watu walikuja na karatasi zao na shaba haikutosha. Mwaka 1668 alihukumiwa, akatiwa gerezani, na serikali ya Swede ikasimamisha banki yake yenyewe, ambayo ni banki santrali yao mupaka leo. Nilipoisoma nilicheka kidogo, kiisha sikucheka tena.

Wazee wetu hawahitaji Swede. Wao waliona Zaire. Lakini hapa tusichanganye mambo. Noti zilizoharibu maisha yao hazikutoka katika mikopo ya Mama wa sokoni; zilitoka kwa sababu Serikali ilikuwa mukopaji wa Banki Santrali, ikaandikiwa, ikalipa nayo waaskari na wafanyakazi, na haikurudisha. Ni njia ile ile ya kaye, lakini mukopaji ni mukubwa kuliko mwenye kaye, nani atamudai? Mwaka 1967, Zaire moja ilipozaliwa, ilikuwa na bei ya dola 2. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1992 walitoa noti ya zaire milioni 5. Waaskari walilipwa nayo, wauzishaji wakaikataa, na katika Januari 1993 Kinshasa iliporwa. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule milioni 3 za zile zaire zikawa zaire mupya moja. Kiisha, mwaka 1998, zaire mupya 100,000 zikawa franka moja. Mufanye wenyewe kuzidisha, muone ni sifuri ngapi.

Katika miaka ile ya 1990 kulikuwa jambo ambalo Mwalimu mumoja alitueleza, na kwangu ni somo kubwa kuliko zote. Feza iliyoandikwa katika konti na feza ya noti hazikuwa tena na bei moja. Mutu mwenye sheki ya kiasi fulani, akitaka noti, alikubali kupata kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa, kwa sababu banki hazikuwa na noti. Jina ya feza ni moja, sifuri zile zile, lakini moja ni kitu na ingine ni ahadi ya kitu. Na tusiseme ni mambo ya wazee tu. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, banki za muji zilifunga milango, na katika Februari ikawa vilevile Bukavu. Watu waliokuwa na akiba katika konti hawakuweza kwenda dirishani kuitoa. Hakuna aliyeiba zile namba, zilikuwa pale pale zilipoandikwa.

Sasa nafika kwenye mukopo wa matumizi, na hapa naomba uvumilivu wa waalimu.

Mukopo wa Mama ulizaa feza 1,000, lakini ulileta unga na sukari vilevile, na ile faida ya unga inamusaidia kulipa. Mukopo wa televizio unazaa feza siku moja, muuzishaji anafurahi, na kiisha pale hakuna kitu kinachozaa kitu. Malipo yanapashwa kutoka katika mushahara. Banki zinapenda sana mukopo wa namna hii, na si kwa upumbavu: mushahara unapita kwanza mikononi mwao. Tangu 2011 Serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake, waalimu pia, kwa njia ya banki, na toka pale banki inaweza kukata deni yake mbele mwenye mushahara hajaona kitu.

Tutengeneze hesabu, Komersiale tuko hapa kwa kazi ile. Mutu anakopa dola 600 kwa miezi 12, na wanamuambia faida ni 2 kwa mia kwa mwezi, juu ya 600. Kila mwezi analipa 50 ya deni na 12 ya faida, jumla 62. Kwa mwaka 744. Anasema: «Faida 144 juu ya 600, ni 24 kwa mia, si mubaya.» Lakini muangalieni vizuri. Ile 600 hakukaa nayo mwaka muzima. Kisha mwezi wa kwanza anabakia na 550, kisha miezi sita 300, mwezi wa mwisho 50 tu, na kila mwezi anaendelea kulipa 12 kana kwamba 600 ingali mukononi. Kwa wastani alikuwa na deni ya 325. Faida 144 juu ya 325: inapita 40 kwa mia kwa mwaka. Mutu akikopa, aulize neno moja: faida inahesabiwa juu ya deni ya mwanzo ao juu ya deni inayobaki? Karani atakasirika kidogo, lakini atajibu.

Tena, mushahara ni franka na mara nyingi deni ni ya dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Mutu aliyefunga deni ya miaka mingi ya dola na mushahara wa franka alifunga mambo mawili, na la pili hakuna aliyemusomea.

Mukopo wa namna hii hauletwe na banki za kwetu kwanza. Mwaka 1958, katika muji wa Fresno, Kalifornia, banki moja kubwa, Bank of America, ilituma kwa posta karte 60,000 za kukopa, kwa watu ambao hawakuziomba. Kila karte ilikuwa sawa boni niliyoandika, tafauti ni kwamba mimi walikuja kuniomba. Watu wengi hawakulipa, banki ikapoteza mamilioni. Lakini yenyewe ilikuwa na kapitali, ikavumilia, na ile karte mwaka 1976 ikachukua jina ya Visa, ambayo munaiona katika milango ya hoteli za muji.

Mutoto wa mwaka wa tano aliniuliza ulizo ambayo ilininyima usingizi: kama banki inazaa 600 na kuomba 744, ile 144 inatoka wapi, maana haikuzaliwa? Jibu iko hivi. Banki inatumia faida yake: inalipa karani, askari, mafuta ya jenereta, na wenye banki wanakula fungu lao. Ile feza inarudi sokoni, na mukopaji anaweza kuikamata tena kwa kazi yake. Dola moja inaweza kulipa deni mara nyingi kwa mwaka. Lakini kama wenye kupokea faida wanaishika bila kuitumia, na mikopo mipya imesimama, basi katika wakopaji kutakuwa watu ambao, hata wakifanya kazi usiku na muchana, feza ya kulipa haiwafikie. Inaonekana katika internati vilevile: mwisho kulikuwa wavulana watatu walioweka boni nyingi chini ya godoro.

Kitu kidogo juu ya telefone, maana wengi wanafikiri M-Pesa ao Airtel Money inazaa feza. Hapana. Ile namba katika telefone yako inapashwa kuwa na feza sawasawa katika banki, boni moja mukate moja. Lakini telefone ikikuambia «unaweza kukopa», hapo kuna mwenye kukopesha nyuma yake, na faida yake muisome mbele ya kugusa. Kenya walianza hivyo mwaka 2012 kwa jina ya M-Shwari, banki ikiwa nyuma ya M-Pesa.

Pasta aliniuliza Maandiko inasema nini. Kutoka sura ya 22 inakataza kutoza faida kwa masikini wa watu wa Mungu, na Mithali, sura ya 22 pia, inajulikana na kila mwenye deni. Yohana Kalvini wa Geneva alikubali faida katika mikopo ya biashara, lakini si juu ya masikini mwenye kukopa kwa sababu ya shida. Naona alitenga vizuri. Katika boni zangu nilichanganya wote: aliyeomba kwa sababu ya njaa na aliyeomba kwa sababu ya kunyoa kichwa cha kisasa.

Hali ya boni leo ni hii. Katika deni 150, zimelipwa 96: 70 kwa feza, 26 kwa boni ambazo nilipasua mbele ya Bwana Ekonome, ambaye ndiye anashika kese sasa. Deni 54 zinabaki, ni franka 27,000; majina ninayo, sitayaandika hapa, lakini kila mutu anajijua. Mu kese kuna franka 35,000. Boni ambazo zingali katika mikono ya watu ni 124, ni kusema 62,000. Munaona kwamba hesabu inasimama tena, na munaona vilevile kwamba mikate ya leo ni 70 tu.

Zile 70 tulipatana hivi na Bwana Ekonome: wadogo wa mwaka wa kwanza waliorudi bure siku ya Alhamisi ile, 41 katika orodha yangu, watalipwa kwanza, siku ya posho saa ine, kwa dirisha ya kantini. Kiisha wengine, kwa kufuata orodha, si kwa kufuata miguu. Mulete boni hata kama imepasuka, lakini kashe ionekane.

Doyeni wa wanafunzi,
Sita Komersiale